Kumtambulisha Mazembe kwa Njia ya Tabora

Kigoma, Septemba 2021

Mama anayeuza migebuka mwaloni Kibirizi amevaa jezi ya Simba na khanga juu yake, na habari ya bei ilikufa palepale nilipomuuliza Julai 25 alikuwa wapi. Alikuwa uwanjani. Siku hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa huku, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakaifunga Yanga bao 1-0 kwa kichwa cha Taddeo Lwanga. Anasema mji ulijaa hadi watu wakakodishiwa sebule. "Walitoka Dar, mwanangu, kwa mabasi na kwa treni, na wengine sauti zilishakauka kabla mpira haujaanza."

Reli kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo mfupi tu kutoka hapa ninapoandika, haikupungua sana hapo, na mpagazi aliitembea kwa miezi na frasila mbili za mzigo kichwani au begani. Mwezi Julai watu waliifuata njia ileile kwa ajili ya dakika tisini za mpira, nami sioni jambo dogo humo. Mpira umewapeleka watu wa pwani magharibi kwa hiari yao, wakala samaki wa ziwa, wakalala kwenye sebule za watu.

Sasa gumzo ni jingine. Simba wametangaza kwamba mgeni wa Simba Day, sherehe yao ya kutambulisha kikosi, mwaka huu, Septemba 19 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni TP Mazembe wa Lubumbashi. Magazeti yameandika "wababe kutoka DR Congo". Huku Kigoma hakuna anayeizungumza timu hiyo hivyo. Kijana mmoja mpakia mizigo bandarini amewahi kuishi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Anakitaja kikosi cha Mazembe, kipa hadi washambuliaji wa akiba, bila kusita hata jina moja, halafu ananiuliza kwa nini watu wa Dar wanawaita wageni.

Swali lake nimepanda nalo treni.

Kwenye behewa

Uvinza tumepita usiku. Chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya kuvutia misafara, ikisafiri pande zote za nchi hii. Mto Malagarasi nimeusikia tu, mlio wa magurudumu ulipobadilika juu ya daraja. Asubuhi ni miombo tupu, mikavu, imesimama ikingoja mvua, na kila stesheni kuanzia Kaliua kuna watoto wanaoinua chupa za maji zilizojaa asali nyeusi hadi usawa wa madirisha.

Abiria wenzangu ni Wanasimba wawili na Mwananchi mmoja, na ubishi ulianza kabla ya chai. Yule wa Yanga anadai Simba wamejitakia aibu kumwalika Mazembe kwenye sherehe yao. Anakumbuka Aprili 2019, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika: suluhu Dar, kisha Lubumbashi Simba wakatangulia kwa bao la Emmanuel Okwi la dakika za mwanzo kabisa, wakaishia kufungwa 4-1. Wale wawili wakamkumbusha kwamba hata Yanga walifungwa na Mazembe palepale Dar, Juni 2016, siku ambayo milango ilifunguliwa watu wakaingia bure. Hapo akahamia kwenye habari za chai.

Mimi nilikuwa nawaza Everton. Julai 2017 walipokuja kucheza na Gor Mahia ya Kenya kwenye uwanja huohuo wa Mkapa, ulipokuwa bado ukiitwa Uwanja wa Taifa, tulitambulishwa kwao kwa wiki nzima. Mdhamini alikuwa na fedha na kazi ilifanyika. Tulijua klabu ilianzishwa 1878, tulijua jina la uwanja wake, Goodison Park, na wachezaji tuliwaona wakipigwa picha na Wamasai. Wayne Rooney alikuwa amerejea Everton siku chache tu kabla, na bao lake la kwanza baada ya kurudi alilifunga Dar es Salaam, shuti la mbali ambalo waliokuwapo hawatalisahau. Jacques Tuyisenge akasawazisha, Kieran Dowell akafunga la ushindi, 2-1.

Jambo moja halikusemwa na mtu yeyote katika wiki ile, nami nalisema sasa nikielekea Tabora. Mnara ulio kwenye nembo ya Everton ni gereza dogo lililojengwa 1787, mahali pa kuwafungia walevi na wakorofi hadi asubuhi. Mwaka huo Liverpool ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Uingereza katika biashara ya watumwa. Na katika mji huohuo, miaka ya 1850, aliishi kijana maskini kutoka Wales aliyekuwa akifanya kazi dukani kabla ya kupanda meli kwenda Marekani. Huko akajiita Henry Morton Stanley. Mwaka 1871 alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na nyumba aliyokaa ipo. Timu kutoka mji wenye historia ya namna hiyo ilishuka katika nchi yenye njia ya misafara, nasi tukatambulishiwa Rooney tu.

Siwalaumu Everton. Mgeni hujitambulisha kwa anayoulizwa, na mwenyeji hakuuliza.

Tabora mjini

Treni ya kutoka Kigoma ikifika Tabora hukaa. Hapa reli hukutana na ile ya Mwanza. Mabehewa huunganishwa na kutenganishwa, watu hushuka kunyoosha miguu, wengine hulala tena. Reli ilifika hapa 1912, Kigoma ikaifikia 1914, na kote iliifuata misafara kwa karibu, kwa kuwa wapagazi walikwisha jua penye maji.

Ukitoka stesheni kinachokupokea ni miembe. Barabara nzima ya miembe mikubwa, mizee, kivuli kizito. Dar es Salaam ina jua na haraka. Tabora watu wanakuamkia, "Mwangaluka," wanasubiri uitike, halafu ndipo wanakuuliza unatoka wapi. Nimefika kijiwe cha kahawa karibu na soko, nimepewa kikombe na kashata ya karanga, na ndani ya dakika chache mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alikuwa amenipa somo ambalo sikulipata kwenye gazeti lolote la michezo wiki hii.

"Hao Mazembe," alisema, "kwao ni Katanga. Na Katanga, mjukuu wangu, ilitawaliwa na mtu wa huku."

Alikuwa akimzungumzia Msiri. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, mtoto wa Kalasa, Msumbwa. Na Wasumbwa ni ndugu wa Wanyamwezi, wa upande wa Bukombe na Kahama. Baba yake alikuwa akifuata shaba Katanga. Mtoto alifuata shaba akabaki hukohuko. Kufikia miaka ya 1860 alikuwa amesimamisha ufalme wa Garanganze, makao yake Bunkeya, na watu wake wakajulikana kama Wayeke. Aliuza shaba, pembe za ndovu, chumvi na, hili lisifichwe, watu. Alinunua baruti na bunduki. Misafara yake ilitoka pande mbili za bara, mashariki hadi Zanzibar kupitia njia hii, magharibi hadi Benguela kwa Wareno. Shaba ya Katanga ilisafiri ikiwa imeyeyushwa na kumiminwa kwa umbo la msalaba, na alama hiyo ya misalaba ya shaba iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo 1960. Waziri wa mambo ya ndani wa Katanga hiyo alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri.

Mzee hakunieleza yote hayo, mengine nimeyajaza mwenyewe usiku. Yeye alinieleza alichohitaji kueleza: kwamba watu waliotoka huku walikwenda kule wakawa wenyeji, na kwamba kama kuna timu inayotakiwa kupokewa Tabora kwa ngoma, ni hiyo. Kisha akaniomba nimsomee kwenye simu mechi inaanza saa ngapi, kwa kuwa yeye ni Simba na hataki kuchelewa.

Nimeweka hapa historia ya klabu yenyewe kama ningeandikia mtangazaji. Ilianzishwa 1939 na mapadri Wabenediktini mjini Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, kwa ajili ya vijana, na jina lake la kwanza lilikuwa la Mtakatifu George. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi iliyoidhamini. Mwaka 1966 ilizoa kila kombe lililokuwa mbele yake nyumbani, ikajiongezea "Tout Puissant", na hiyo ndiyo TP. Mwaka 1967 na 1968 ikawa bingwa wa Afrika mfululizo. Ikakaa miaka mingi kimya, hadi Moïse Katumbi, mfanyabiashara na baadaye gavana wa Katanga, alipoichukua 1997 na kuijenga upya. Ubingwa wa Afrika ukarudi 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, Abu Dhabi, ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan wakawafunga 3-0, lakini kabla ya hapo Internacional ya Brazil ilikuwa imeshalala 2-0, na kipa Robert Kidiaba alikuwa ameketi chini akirukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Jezi ni nyeusi na nyeupe, ndiyo maana wanaitwa Kunguru. Kwenye nembo kuna mamba ameshika mpira mdomoni.

Na kuna Samatta. Machi na Aprili 2011 Simba walikutana na Mazembe, wakafungwa 3-1 kule na 3-2 Dar, na katika mechi hizo Mbwana Samatta aliwakuna Wakongo hadi wakamnunua. Thomas Ulimwengu akamfuata. Mwaka 2015 Mazembe walipoifunga USM Alger katika fainali, Samatta alifunga kwenye mechi zote mbili, akamaliza mashindano na mabao 7, akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kutoka Lubumbashi akaenda Genk, Ubelgiji. Njia ya kijana wa Mbagala kufika Ulaya ilipita Katanga. Nilipowaambia hayo kijiweni, yule mzee alitikisa kichwa kana kwamba namweleza jambo analolijua tangu zamani: ukitaka kufika mbali, unapitia magharibi.

Halafu nikakaa na ramani. Simba Day ya 2019 mgeni alikuwa Power Dynamos wa Kitwe, mji wa shaba Zambia. Mwaka 2020 alikuwa Vital'O wa Bujumbura, wakafungwa 6-0. Mwaka huu Lubumbashi. Watu wa Simba hawakukaa wakapanga hivyo, nadhani walitafuta timu nzuri zilizo karibu na zenye nafasi. Lakini kidole kikifuata majina hayo kwenye ramani kinapita palepale walipopita wapagazi: kuelekea ziwani, kuelekea kwenye shaba.

Kwihara

Tembe la Livingstone lina kuta nene za udongo mwekundu na ua katikati. Mlango wa mbele ni wa mbao za nakshi, kazi ya kipwani kabisa, katikati ya miombo. Ukipapasa nakshi zake unasikia vumbi, kisha ulaini pale mikono mingi ilipopita kabla ya wako. Barazani pana ubaridi hata saa sita. Livingstone alikaa hapa kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Stanley alikwishakaa mwaka uliotangulia, kisha akaja naye kutoka Ujiji.

Nimekuja kwa ajili ya baraza. Zamani msafara ulipokaribia Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ulisimama kwanza. Wapagazi walifungua vifurushi, wakavaa nguo zao njema walizozibeba njia nzima bila kuzivaa. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia na joho jekundu na manyoya kichwani, ngoma ikampa hatua, bendera nyuma yake. Bunduki zilipigwa hewani na mji ukazijibu. Mgeni aliketishwa barazani, akala kwanza. Kisha ndipo alipoulizwa habari za njia: umepita kwa nani, umemwacha nani, mvua zikoje, vita viko wapi. Utambulisho wenyewe ulikuwa hapo. Watu walitaka kujua mgeni ametoka wapi na ana uhusiano gani nao.

Simba Day ina nusu ya kwanza ya hayo, na inaifanya vizuri kuliko sherehe yoyote ya michezo ninayoijua katika ukanda huu. Mchezaji mmoja mmoja anaitwa, anatoka kwenye njia ya wachezaji na jezi mpya, uwanja wa watu 60,000 unalipuka. Tangu ianze 2009 imekuwa sikukuu, na Yanga nao wamejenga Wiki ya Mwananchi. Nusu ya pili, ile ya barazani, hatuna. Mgeni anaingia, wimbo, mpira, kwaheri.

Na kwa mgeni kutoka Katanga yapo mazito ya kuulizana. Mwaka 1891 Kapteni William Stairs, Mkanada aliyetumwa na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliondoka Bagamoyo na msafara wa mamia ya watu. Alipita Tabora. Wapagazi wake walikunywa maji ya visima vya hapa. Desemba 20 mwaka huo alikuwa Bunkeya, na mmoja wa maofisa wake, Omer Bodson, alimpiga Msiri risasi akamuua, naye Bodson akapigwa risasi palepale, akafa. Msafara uliokwenda kuumaliza ufalme wa mtoto wa Kalasa ulipumzika katika mji wa ndugu zake. Miaka 25 baadaye njia ikarudisha jibu la ajabu: askari wa Kongo chini ya Wabelgiji, wakipigana na Wajerumani, waliingia Tabora Septemba 19, 1916. Jenerali wao, Charles Tombeur, akapewa na serikali yake cheo chenye jina la Tabora ndani yake. Wakongo waliokufa kwenye milima ya huku hawakupewa kitu.

Septemba 19. Tarehe ya Simba Day. Imetokea tu, lakini ningekuwa mwenye kipaza sauti ningeitaja, kwa heshima, kabla ya timu kusalimiana.

Temeke, Septemba 19

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulikuwa mwekundu juu hadi chini. Mazembe walitambulishwa kama mabingwa mara 5 wa Afrika, kauli ya kweli kabisa, na watu wakapiga makofi. Walicheza bila haraka, wakauvumilia mpira wa Simba, na mwishoni kijana wao Jean Baleke akafunga. 1-0. Jirani yangu aliyekuja na watoto wake wawili alikaa akashika kichwa, kisha akasema, "Huyo mtoto tungemsajili." Hakuwa akitania.

Nyongeza ya baadaye

Januari 2023 Baleke alitua Simba, kwa mkopo kutoka Mazembe, na mabao akafunga. Mwaka 2024 akavaa jezi ya Yanga. Mazembe na Yanga nao walikutana tena kwenye Kombe la Shirikisho Afrika 2023, na safari hii Yanga walishinda Dar na Lubumbashi pia.

Lililonigusa zaidi lilitokea Tabora. Msimu wa 2023/24 mji ulipata timu Ligi Kuu: Kitayosce, iliyokuwa na makao Moshi, ilihamia na kuitwa Tabora United, Nyuki wa Tabora, wakicheza Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Mwanzo wake ulikuwa mgumu sana, lakini Novemba 7, 2024, Chamazi, waliifunga Yanga 3-1, na siku chache baadaye Yanga wakaachana na kocha wao. Kocha wa Tabora United siku ile alikuwa Mkongo, Anicet Kiazmak. Katika kikosi cha msimu ule alikuwamo Heritier Makambo, Mkongo pia, aliyewahi kupendwa Yanga. Baadaye timu ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na jina likabadilika tena, kuwa TRA United. Watu wa Kanyenye na Isevya, hapo Tabora, bado wanawaita nyuki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mechi za maandalizi ya msimu ni hili. Siku moja mleteni Mazembe, au Lupopo, watani wao wa Lubumbashi, acheze Tabora. Uwanja upo, reli inafika, na mtu akitaka kuja kutoka Kigoma anapanda treni jioni. Mchana wa kabla ya mechi wapelekeni wachezaji Kwihara wakae barazani wale wali, na mmoja wa wazee wa mji awaulize habari za Bunkeya. Mpira uanze saa kumi.